Utumbo wa mtoto hausubiri kambi ya mabingwa

Kila kambi ya madaktari bingwa ikitua kwenye halmashauri yoyote, simu zetu zinajaa picha za akina mama kwenye foleni na watoto mgongoni, mabango, viongozi na fulana zao, na chini yake komenti za watu wanashukuru kwamba sasa watoto waliokuwa wanakufa kwa utumbo kujisokota wamepata pa kukimbilia. Tangu hizi kambi zishike kasi mwaka 2024 nimezisoma komenti za hivyo mpaka nimechoka, na sina ugomvi na kambi zenyewe, kuna watoto wameshughulikiwa ngiri zao na kurudishiwa njia ya haja kubwa kwa sababu tu bingwa aliwafuata walipo. Shida yangu ni haya matumaini tunayoyabandika juu yake. Utumbo wa mtoto ukiziba ni ugonjwa wa saa, haujui ratiba ya kambi, na ukifuatilia watoto tunaowapoteza utakuta mara nyingi zile saa 24 au 48 za mwanzo zililiwa kati ya nyumbani, duka la dawa na zahanati, halafu bingwa akaletewa mtoto ambaye utumbo ushaoza. Kwa hiyo tukiendelea kupima mafanikio kwa mabingwa wangapi wamezunguka mikoa mingapi tutakuwa tunahesabu kitu kingine kabisa, kizuri chenyewe, ila sio hiki.

Tuanze na ugonjwa maana watu wanauchanganya sana. Utumbo kuziba kwa mtoto ni magonjwa mengi yaliyovaa nguo moja, na umri ndo unakwambia uwaze nini. Kwa mchanga wa siku chache unawaza alivyoumbwa: utumbo ambao haukuungana sehemu fulani, mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, au ugonjwa wa Hirschsprung, umepewa jina la daktari wa watoto wa Denmark aliyeuelezea mwaka 1886, ambapo kipande cha mwisho cha utumbo hakina seli za fahamu zinazoamuru misuli ilegee na isukume, choo kinafika pale kinagoma. Haya mawili ya mwisho kila moja linampata kama mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, sio jambo la kila siku lakini kwa mkoa kama Dar es Salaam, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, piga hesabu mwenyewe. Mtoto ambaye saa 48 zimepita hajapata kile choo cheusi cha kwanza, tumbo linapanda, huyo anatakiwa aangaliwe siku hiyo hiyo. Halafu kuna huyu anayenitisha kuliko wote, ambaye utumbo wake haukukaa mahali pake tangu tumboni mwa mama, unaning'inia kwenye shina jembamba, siku ukijizungusha unanyonga mshipa wa damu unaolisha karibu utumbo mwembamba wote. Dalili yake kubwa ni kutapika kijani, basi, wakati mwingine hata tumbo halijavimba na mtoto anaonekana mzima. Operesheni yake inajulikana vizuri, William Ladd wa Boston aliielezea 1936 na mpaka leo ndo hiyo hiyo: unafungua, unaugeuza utumbo kinyume na mwelekeo wa mishale ya saa, unakata nyuzi zinazobana, unatanua lile shina, unalaza utumbo mwembamba kulia na mpana kushoto. Mpasuaji anayejua kazi haimpi shida. Ila akifungua akakuta wote mweusi hana cha kugeuza, kwa sababu mtoto asiye na utumbo mwembamba inabidi alishwe kwa mshipa kwa miezi na pengine miaka, na kwetu hiyo huduma ni ya kuitafuta kwa tochi. Kati ya utumbo mwekundu na mweusi hapo katikati kuna masaa tu.

Akishatoka uchanga, yaani kuanzia miezi 3 mpaka miaka 3 hivi, sababu inayoongoza ni kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unavyojikunja kwa ndani ukilivua kwa haraka. Hospitali wanaita intasasepsheni, mimi nitasema utumbo kumezana. Mara nyingi mtoto alikuwa na mafua au kuhara siku chache nyuma, zile tezi za kinga kwenye ukuta wa utumbo zikavimba, utumbo kwenye kusukuma kwake ukazikamata ukazivuta mbele, mwisho wa utumbo mwembamba ukajikuta uko ndani ya utumbo mpana na umeburuza mishipa yake ya damu. Damu inaingia haitoki, ukuta unavimba, unatoa kamasi na damu, baadaye hata ile inayoingia inakatika, hapo sasa utumbo unaanza kufa, unatoboka, uchafu unamwagika tumboni na mtoto anaingia kwenye sepsis, yaani maambukizi yanasambaa mwili mzima na viungo vinaanza kushindwa kazi. Unakuta ni mtoto mnene tu wa miezi 6 au 8, asubuhi alikuwa anacheza, ghafla analia kilio ambacho mama hajawahi kukisikia, anakunja miguu, baada ya dakika chache ananyamaza kama hakuna kilichotokea, anaweza hata kunyonya, ikipita robo saa linaanza tena. Anatapika maziwa, baadaye kijani, na kati ya kilio na kilio analegea, macho hayana nguvu. Choo cha damu na kamasi mara nyingi kinakuja mwishoni. Na huu ndo mtego, ule utatu unaofundishwa darasani wa maumivu, kutapika na choo cha damu ukiwakuta watoto wenye ugonjwa huu ni chini ya nusu wanaokuja nao wote kwa pamoja, kwa hiyo anayesubiri aone damu ndo aandike rufaa, anasubiri utumbo uumie kwanza.

Sababu zilizobaki sitazizungumzia sana. Kuna ngiri iliyokaba, ambayo inagunduliwa kwa kumvua mtoto nepi na kuangalia, kazi ya sekunde kumi ambayo inarukwa kwa sababu chumba kimejaa na mama amesema tatizo ni tumbo. Kuna minyoo iliyojifunga bonge kwa wa umri wa shule, ambayo nyingi inaachia kwa dripu na mpira wa puani bila kisu, na ambayo ukimpa dawa ya minyoo wakati tumbo limeshaziba unaweza ukazidisha balaa. Na kuna makovu ya operesheni ya zamani.

Sasa saa zinaenda wapi? Mtoto wa ndugu yangu mmoja huko Mbagala, miezi 7, alianza kulia jioni. Wakampa gripe water wakijua gesi, bibi akasema ni mchango, usiku duka la dawa wakampa ya kuzuia kutapika, asubuhi kituo cha afya wakapima malaria hamna, wakaona kamasi na damu kwenye nepi, wakaandika kuhara damu na kumpa antibayotiki arudi baada ya siku mbili. Alirudi kabla, tumbo limekuwa ngoma. Alifanyiwa operesheni, wakakata kipande cha utumbo, mtoto yupo. Wengi kwenye familia mpaka leo wanamlaumu bibi, mimi namwangalia yule aliyeona ile nepi, na hata yeye simlaumu kwa jinsi watu wanavyofikiri.

Kwa sababu ukweli ni kwamba alifuata mwongozo. Ule mwongozo wa IMCI, wa kupima na kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, unaotumika ngazi ya chini kwa watoto wa miezi 2 mpaka miaka 5 umetengenezwa kwa ajili ya magonjwa yanayoua wengi, nimonia, malaria, kuhara, utapiamlo, na umeokoa watoto wasiohesabika, hilo halina ubishi. Lakini angalia mstari wa damu kwenye choo: damu ikionekana, jina lake ni kuhara damu, anapewa siprofloksasini siku 3. Kwa mtoto wa miaka 3 anayeharisha mara kumi na ana homa, sawa kabisa. Kwa mtoto wa miezi 7 ambaye hajaharisha, ametoa tu kamasi yenye damu kidogo na tangu jana anatapika na kulia kwa vipindi, ule mstari unampeleka nyumbani. Na ajabu ni kwamba mwongozo huo huo juu kabisa una dalili za hatari, anayetapika kila kitu na aliyelegea anatakiwa apelekwe rufaa haraka, kwa hiyo yule mtoto kama angesomwa kuanzia juu angetoka pale kwa gari, sio kwa miguu. Mwongozo haujakosea moja kwa moja. Ila anayeusoma ana watoto hamsini nje, karibu wote wanaotapika wana kuhara kwa kawaida, ugonjwa huu anaweza akaukuta mara moja baada ya miaka, na mkono ushazoea kuandika kilekile. Ukitaka kubadilisha hapo humwambii awe makini, kila mtu anajiona yuko makini. Unamuongezea swali: chini ya mwaka mmoja, kimetangulia nini, kutapika na kilio cha vipindi au kuharisha? Kama kutapika kulitangulia na kuharisha kwenyewe hakupo, huyo sio wa siprofloksasini. Na matapishi ya kijani kwa mchanga yasiulizwe swali lolote la pili, asiambiwe mama kwamba mtoto alikunywa maji machafu wakati wa kuzaliwa, aende.

Wanaopinga hoja yangu wana la kusema na la kwanza ni zito. Wanasema hata ukimgundua saa ya kwanza, utampeleka wapi? Mabingwa wa upasuaji wa watoto nchi hii ya watu zaidi ya milioni 61 ni wa kuhesabika, na wa usingizi aliyezoea kumlaza mtoto wa kilo tatu ni adimu kuliko hata mpasuaji. Kweli. Muhimbili inao mabingwa, ina vyumba vya upasuaji vya watoto vilivyowekwa kwa msaada wa shirika la KidsOR la Scotland, chuo kikuu cha afya cha MUHAS kinasomesha wengine, ila hiyo ni Dar, na mtoto wa Mafia au Kilwa ana hesabu zake tofauti kabisa. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilitoa utafiti mkubwa uliofuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na hitilafu za mfumo wa chakula kwenye hospitali 264 za nchi 74, na vifo vilikuwa asilimia 39.8 nchi maskini, 20.4 za kipato cha kati, 5.6 za matajiri. Watu wanazichukua hizi namba wanazibandika mitandaoni kama ushahidi kwamba tunahitaji mabingwa zaidi, na tunawahitaji. Ila ukisoma ndani, moja ya vitu vilivyoenda pamoja na kifo ni mtoto kufika akiwa tayari ana sepsis, vingine ni kukosa mashine ya kupumulia au chakula cha mshipa pale kinapohitajika, na kutotumia ile orodha ya usalama kabla ya upasuaji. Yaani mtoto alivyofika, na alivyolelewa wodini. Mkono wa mpasuaji uko katikati ya hivyo viwili. Unaweza ukamleta mpasuaji bora duniani ukamkabidhi mtoto aliyekauka maji, mwenye tumbo lililotoboka jana, na hesabu haitabadilika sana.

Kwa hiyo hoja ya mabingwa naikubali nusu. Kwa mambo yanayopangwa, kama Hirschsprung ambaye ametolewa choo tumboni anasubiri operesheni ya kuunganishwa, au asiye na tundu ambaye kashawekewa kolostomi, yaani tundu la choo la muda tumboni, na anasubiri kutengenezewa njia kwa ile operesheni ya akina Peña ya 1982, hapo kambi ni dawa kweli, maana hao watoto wanasubiri foleni kwa miezi, wazazi wananunua mifuko au wanafunga vitambaa, mtoto anashindwa kwenda chekechea. Foleni hiyo ukimleta bingwa inapungua. Lakini utumbo uliojisokota Jumamosi usiku unamhusu nani kambini? Kambi ilipita mwezi wa tatu.

Hoja ya pili ni ya vifaa, kwamba bila siti skani na mashine kubwa kubwa hakuna kinachofanyika. Hii naona inakuzwa. Kwa utumbo kumezana kipimo chenyewe ni altrasaundi, aliyefundishwa akiweka kile kichwa cha mashine juu ya tumbo anaona duara ndani ya duara na anakosea mara chache sana, na altrasaundi Dar siku hizi zipo mpaka vichochoroni, kila mtaa una bango la kupima ujauzito. Eksirei ya kawaida inasaidia kuona utumbo uliojaa hewa na maji au hewa iliyovuja, ingawa kwa huu wa kumezana inaweza kutoka safi na mtoto akawa nao. Na hata tiba, wenzetu wenye uwezo wengi wa watoto hawa hawafiki kwenye kisu, wanapulizia hewa au maji kwa njia ya haja kubwa na kwenye mikono yenye uzoefu inafanikiwa kwa asilimia 80 mpaka 90. Ya maji haihitaji mtambo wa ajabu: maji ya chumvi ya uvuguvugu, mpira, chupa imetundikwa kama mita moja juu, altrasaundi inaangalia utumbo unavyosukumwa kurudi ulikotoka, na mpasuaji yuko karibu kwa sababu mara chache utumbo unaweza kutoboka. Kwa nini basi Afrika wengi wao wanapasuliwa? Sababu moja ni mazoea na kukosa mtu wa altrasaundi usiku, ila kubwa ni kwamba njia hii hairuhusiwi kwa mtoto aliyechelewa, mwenye tumbo gumu, aliye kwenye shoku, na wetu wanafika hivyo. Tunarudi kulekule kwenye saa. Kuchelewa kunamnyima mtoto tiba ya bei rahisi kuliko zote, halafu tunasema tatizo letu ni umaskini wa vifaa.

La mwisho ni lile linalopendwa kuliko yote na ndo bovu kuliko yote: wazazi wa Kibongo wanachelewa, wanakimbilia mitishamba, wanakata kimeo, wanasikiliza bibi. Nimelisikia kwa wauguzi, kwa madaktari wenyewe wakiwa wamechoka saa tisa usiku, na kwenye komenti ndo usiseme. Lina chembe ya ukweli, wapo wanaomkanda mtoto tumbo siku tatu, na dawa za kienyeji kwa mtoto wa miezi 6 ni hatari hata kama utumbo ni mzima. Lakini hebu fuatilia safari ya mtoto mmoja mmoja. Wengi wa hawa kabla ya kufika hospitali ya rufaa walishaonwa na mtu mwenye koti jeupe, mara nyingi zaidi ya mmoja, na wametoka na mfuko wa dawa. Mama aliyeambiwa na mtaalamu kwamba ni kuhara damu, akaambiwa maliza dozi, na akamaliza dozi, huyo amechelewa au amecheleweshwa? Alifanya kila alichoambiwa. Tena mama ndo mara nyingi wa kwanza kusema hiki kilio sio cha kawaida, na anajibiwa watoto ndo walivyo, mzazi wa kwanza nini wewe. Kumlaumu mzazi kunapendwa kwa sababu hakumgharimu mtu yeyote bajeti, unaandaa bango la elimu kwa jamii mambo yanaisha. Halafu pia kuna hela. Chini ya miaka 5 matibabu hospitali za umma ni bure kwa sera, ila mzazi anajua kuna siku anatumwa dawa nje, kuna nauli, kuna kulala mjini, na anapiga hesabu kabla ya kutoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikifanya kazi inavyotakiwa itapunguza hiyo hesabu. Haitapunguza saa alizopoteza na ile antibayotiki.

Naongeza jambo moja maana najua litaletwa kwenye komenti, chanjo ya rota. Kuna voisinoti huwa zinazunguka WhatsApp kwamba hiyo chanjo ndo inasababisha utumbo wa watoto kumezana. Halikutoka hewani, Marekani mwaka 1999 waliiondoa sokoni chanjo iliyokuwa inaitwa RotaShield kwa sababu hiyo kweli. Hiyo sio tunayotumia. Tanzania ilipoingiza ya rota kwenye ratiba mwanzoni mwa 2013 ilikuwa Rotarix, na nchi saba za Afrika, sisi tukiwemo, zilifuatilia watoto 717 waliopata utumbo kumezana na matokeo yakatoka 2018: baada ya chanjo hatari haikuongezeka. Kwa nchi zingine kuna hatari ndogo sana iliyoonekana, watoto wachache kati ya laki moja, na hata huko hawakuacha kuchanja kwa sababu kuhara kwa rota kunaua zaidi. Anayetaka kumlinda mwanae na utumbo kuziba ajue dalili, kadi ya kliniki aiache ijazwe.

Tukikubali kwamba mali ya kuokoa hapa ni saa, mipango inabadilika sura. Cha kwanza, usafiri. Tunayo m-mama, mjamzito akipata dharura inapigwa 115 na gari linatafutwa, hata la dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na mtoto mchanga naye yumo. Yaani kichanga anayetapika kijani Chanika leo mfumo wa kumbeba upo, tatizo ni kama kuna mtu atatambua kwamba hii nayo ni dharura ya kupigia simu. Lakini yule wa miezi 7 ameshatoka kwenye huo mlango, mama yake anadandia bodaboda au bajaji na foleni ya Kilwa Road. Sioni sababu ya maana ya kutowafikisha watoto mpaka wa miaka miwili kwenye mfumo ule ule, mtambo upo, madereva wapo, gharama itaongezeka lakini haitakuwa ya kujenga kitu kipya. Wanaosema simu zitafurika wana hoja, kwa hiyo simu ipigwe na kituo, sio na mzazi, na kwa dalili chache zilizoandikwa ukutani: kijani, kulia kwa vipindi na kulegea, tumbo kuvimba bila choo.

Cha pili ni alichofanyiwa kabla hajapanda gari, na hapa watu wa vituo vya chini wana nguvu kuliko wanavyojiona. Huyu mtoto hatakiwi kupewa kitu mdomoni, hata ile ORS ambayo tumefundishana miaka yote. Anawekewa dripu, mpira wa puani wa kutoa matapishi yasimwingie mapafuni njiani, antibayotiki ya mshipa ya kwanza, anafunikwa asipoe maana kichanga akipoa tu usingizi wa operesheni unakuwa hatari, na simu inatangulia ili anakoenda wamkute mtu wa altrasaundi na thieta ijue. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bingwa. Mtoto aliyefika na maji mwilini anaingia thieta baada ya saa moja au mbili, aliyefika mkavu inabidi wamjaze maji kwanza nusu usiku na utumbo unaendelea kuoza wakati huo.

Cha tatu ni hospitali zetu za rufaa za mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, na za wilaya zinazokua. Hoja kwamba kila anayetapika asitupwe Muhimbili ni ya haki kabisa, Muhimbili ikijazwa watoto wa kuhara na kutapika kwa kawaida hata wenye utumbo uliojisokota watakosa nafasi. Chujio liwe hapo mkoani, na chujio lenyewe ni altrasaundi yenye mtu saa 24 pamoja na daktari anayejua anatafuta nini. Mashine iliyofungiwa tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu tusiihesabu kabisa kwenye taarifa za vifaa.

Na ili tujue kama haya yanafanya kazi hatuhitaji mradi wa mamilioni. Kila hospitali inayopasua watoto ina daftari la thieta, na ndani yake kuna jibu ambalo halijasomwa: kati ya watoto waliofunguliwa kwa utumbo kumezana, wangapi ulirudishwa kwa mkono ukabaki wote, na wangapi ilibidi kukatwa kipande kwa sababu kilishakufa. Hiyo namba ya waliokatwa ndo kipimo cha ucheleweshaji cha mkoa mzima, inasema mengi kuliko idadi ya operesheni zilizofanyika. Ziongezwe safu mbili tu, saa alipotapika mara ya kwanza na kituo cha kwanza alichopelekwa, zijazwe mwaka mmoja, na tutajua mafunzo yaanzie kata zipi na ambulensi ilale wapi usiku.